Hodi Moja ya Mkalimani

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, usije ukadhani nimekaa hapa kujisifu. Mtu alipiga hodi mlangoni kwangu, nami nikamjibu, "Pita tu, kumefunguliwa," bila kunyanyuka kitini na bila kugeuza shingo. Basi, kosa ni hilo. Sikuiba, sikumtukana mzazi wa mtu. Nilikuwa nimekaa, nikaendelea kukaa. Wanaonifahamu hapa Ruangwa hawatashangaa. Mimi ni fundi redio ambaye redio ndizo zinazomfuata nyumbani. Nikienda sokoni tu, naaga kama mtu anayesafiri.

Najua unasubiri niseme ilikuwa usiku wa manane na mbwa wanabweka. Hapana. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, kuku wa jirani wanaparua uani. Kama huamini, sikulaumu. Mimi mwenyewe ningefurahi sana kutoamini.

Lakini ili unielewe lazima nikurudishe Nachingwea, miaka ya tisini, kwenye banda la video lililokuwa nyuma ya soko. Kuta za mabanzi, mabenchi ya miguu mitatu, jenereta inayokohoa nje. Kila Jumamosi walituwekea katuni ya maroboti yanayojikunja yakawa matrekta. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na mle ndani hakuna aliyekijua. Kwa hiyo alikuwepo Mkalimani, Anko Hashimu, mtu mrefu wa koti la kaki. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti amekifunga leso, akitueleza nani anasema nini.

Leo najua kwamba Kiingereza hata yeye hakukijua. Alikuwa anatunga. Roboti kubwa jekundu alilipa jina la Mjomba Jembe. Lile la kike likawa Shangazi Tela. Adui wa rangi ya njano akamwita Bwana Salfa, kwa sababu kila alipopita watu walipiga chafya, kama sisi wakati wa kupulizia mikorosho unga wa salfa. Na kalikuwepo karoboti kadogo kanakojikunja kuwa toroli, Kitoroli, kamepotezana na mama yake. Ninavyokwambia, watoto wa Nachingwea tulimlilia Kitoroli kuliko tulivyolia msibani.

Mikanda ilikuwa saba. Wa nane, wenye mwisho, haukuletwa. Anko Hashimu akatuahidi: "Uje usije, mwisho ninao mimi. Kitoroli atafika kwa mama yake, na nyie nitawafikisha." Kisha akaugua, akapelekwa kwao Nambambo. Wenzangu walikwenda kwa miguu kumwona. Mimi nilisema kuna mvua. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu. Wiki ile ile tukasikia amefariki, na mazishini nako sikwenda, nikasema nina malaria.

Miaka ikapita. Nikamaliza kidato cha nne, nikaja Ruangwa, nikaoa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Singida, tukapata binti, Zuhura. Tangu mtoto ana akili ya kusikiliza nilimwimbia sifa za Kitoroli. Alipofika miaka saba, nikasikia kijana wa mwenye banda anauza vyombo vya zamani, maana watu wamehamia kwenye sidii. Nikaagiza mikanda yote saba iletwe na basi. Kwenda mwenyewe? Mimi? Deki mbovu nilikuwa nayo, nikaitengeneza siku mbili.

Mama Zuhura alikuwa Lindi kwenye semina. Tukakaa wawili, mimi kwenye kochi, mtoto mkekani. Nikabonyeza.

Ndugu msomaji, sijawahi kuaibika vile ndani ya nyumba yangu. Maroboti hayatembei! Yanasimama tu, mdomo unafunguka na kufumba, nyuma yake mti mmoja unapita. Wanapigana, ngumi ileile waliyopigana nayo mwanzo. Na kila kipande kinapoisha, wanaonyeshwa watoto wa Kizungu wanashangilia vinyago vya maroboti hayohayo, vimo kwenye maboksi. Yaani ile hadithi yetu yote ilikuwa tangazo la kuuzia midoli! Kitoroli mwenyewe anaonekana mara nne, na hatafuti mama wala baba. Yupo tu, auzwe.

"Baba," Zuhura akaniambia, "ule mti umepita mara tatu."

"Ni miti mitatu tofauti."

"Mmoja. Una tawi lilelile." Akapiga miayo. "Ndiyo hii uliyokuwa unaniambia siku zote?"

Nikaumia, nakwambia ukweli. Tulivumilia mpaka mkanda wa saba, na hapo nikatamka, tena kwa sauti: "Ah, angekuwepo Anko Hashimu, ungeona."

"Hodi."

Mara moja tu. Bibi yangu alitufundisha tangu wadogo: mtu aliye hai hupiga hodi tatu, na akipiga moja akanyamaza, nyanyuka ukamtazame kabla hujajibu. Nililijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa nimekaa. Nikasema, "Pita tu, kumefunguliwa."

Nilisikia mtu anavuta kigoda cha mlangoni. Nikadhani ni mteja amefuata redio yake. Kisha sauti ikaanza, taratibu, yenye mkwaruzo kama ya mtu mwenye leso mdomoni:

"Hapo Mjomba Jembe anamwambia Shangazi Tela, 'Dada, huyu mtoto tangu asubuhi hajala, na wewe umekaa unajipaka mafuta ya gia!'"

Zuhura akacheka mpaka akalala chali. Hata mimi nilicheka! Niamini, nilicheka kabla sijaogopa. Halafu kicheko kikanikwama, maana majina yale hayakuandikwa popote. Nikageuka.

Koti la kaki. Vumbi jekundu mpaka magotini, kama mtu aliyetembea kutoka mbali. Leso imekunjwa kwenye ngumi, ngumi iko mdomoni. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kazi yake. Pale picha ilipoingia giza, nikaona kwenye kioo cha televisheni chumba chetu kizima: mimi, mtoto, mlango. Na kigoda kitupu.

Utaniuliza, kwa nini hukumbeba mtoto ukakimbia? Swali zuri. Nilijiuliza hilohilo wakati uleule. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilifungua mdomo niseme "Zuhura, njoo kwa baba," ikatoka pumzi tu. Nikakaa. Maisha yangu yote nilikuwa nakaa kwa kupenda, siku ile nikakalishwa.

Na hadithi ilikuwa tamu, ndugu yangu! Yale maroboti yaliyosimama kama nguzo yakawa yanatembea. Mti uleule ukawa miti ya njia ya kwenda kwa mama. Mtoto wangu amejisogeza mkekani mpaka kichwa chake kinagusa goti lenye vumbi, na mimi baba mtu ninatazama.

Mkanda ukakaribia mwisho. Ndipo akashusha leso na kuongea na Zuhura, kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu, kipande cha mwisho hakimo humu, ninacho mimi. Nitakupeleka ukakione mwenyewe, Kitoroli anavyofika. Baba yako simchukui. Yeye nikimwita atasema mvua."

Zuhura akampa mkono.

Umeme ukakatika. Umeme wa Ruangwa wakati ule ulikuwa wa kuja na kuondoka, na nimeulaani mara nyingi, lakini siku hiyo niliushukuru kuliko chakula. Kioo kilipozima, kigoda kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi, jua nje. Mtoto amebaki ameunyoosha mkono.

Nami nilifanya nini? Nilitambaa nyuma ya kochi, nikakaa huko mpaka magharibi. Sikutoka hata kuchungulia uani.

Nilidhani yameisha. Kesho yake mikanda yote nikaitumbukiza chooni. Saa kumi ilipofika, Zuhura akaacha kucheza rede na wenzake, akaingia ndani, akakaa kwenye kile kigoda. Akaweka ngumi mdomoni, mbele ya televisheni iliyozimwa, akaanza: "Hapo Bwana Salfa anasema..." Kwa mkwaruzo uleule. Na kila alipomaliza alinigeukia na kunipa habari, kama mtu anayehesabu siku za sikukuu: "Babu anasema bado kidogo, halafu tunakwenda."

Mama yake aliporudi alimpeleka hospitali. Wakapima damu, macho, masikio. Mtoto mzima. Shuleni wa tatu darasani. Ni saa kumi tu.

Nikamwendea jirani yetu Bi Somoe, mkulima wa ufuta, nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa mabua. Nimemwendea, nimesema, ila ukweli nilimwitia uani. Alinisikiliza huku anapepeta.

"Alipiga hodi ngapi?"

"Moja."

"Ukamkaribisha umesimama?"

Nikamuuliza ufuta wa mwaka huu umezaa vipi.

"Baba Zuhura, nimekuuliza."

"Nimekaa."

"Haya. Na alipoondoka, ulimsindikiza?"

"Bi Somoe, nimsindikize marehemu?"

"Ulimkaribisha ukijua ni nani? Mgeni ni mgeni. Umemwambia pita, kapita. Hukumtoa, hajatoka. Yumo humo ndani anasubiri mwenyeji amfikishe barabarani." Akapuliza makapi. "Huyo wa kwao Nambambo, barabara yake ni ya Nambambo. Mpeleke mpaka kwake, umuage kiungwana. Na fanya haraka, hadithi haikosi mwisho."

Nilifanya haraka kwa kipimo changu. Miezi mitatu. Mara redio za watu, mara mguu unauma, mara mvua. Ndiyo, mvua. Mpaka siku moja Zuhura akakunja gauni lake la sikukuu akaliweka ndani ya mfuko wa shule. "Bado kipande kimoja," akasema.

Alfajiri yake nilikuwa stendi. Nilisimama mlangoni kwangu kwanza, nikasema kwa sauti, "Anko Hashimu, twende nikusindikize." Kwenye basi la Nachingwea nikamwachia kiti cha dirishani, abiria wakaninunia. Nachingwea nikampitisha nyuma ya soko, banda sasa ni duka la pembejeo, nikamwonyesha. Kutoka hapo nikapakiwa kwenye baiskeli hadi Nambambo. Wenyeji wakanionyesha makaburi chini ya mikorosho, ila lipi ni la Hashimu hakuna aliyekuwa na hakika. "Moja kati ya haya," wakasema.

Nikasimama katikati. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwomba radhi, ya ule ugonjwa wake na yale manyunyu. Lakini wingu lilikuwa limetanda, na mwenye baiskeli alikuwa anaangalia juu. Nikasema, "Anko, umefika. Kwaheri." Nikageuka nikaondoka mbio. Nilitaka kulala kwangu, sikufichi.

Nilifika Ruangwa jua linazama. Zuhura alikuwa kizingitini. Akaniamkia, akapokea mfuko, akaingia ndani, akatoka na viti viwili. Akaviweka sambamba.

"Cha pili cha nani?"

"Cha Babu," akasema. "Si mmekuja wote?"

Ni mwaka wa tatu sasa. Zuhura ana miaka kumi. Kila saa kumi anakaa kwenye kigoda, na kila siku anasema bado kipande kimoja, na gauni lile, ambalo halimwenei tena, limo ndani ya mfuko. Simzuii. Nitamzuiaje? Nikimshika mkono unakuwa mzito kama chuma cha trekta. Kazi yangu ni kukaa pembeni yake tangu saa tisa na nusu mpaka giza liingie, mlango nimeukomea, ufunguo nimeufunga shingoni. Watu wanasema nimezidi kukaa ndani. Waache waseme.

Nawe unayesoma umejinyoosha kwenye kochi, nakuomba kitu kimoja. Ukisikia hodi, nyanyuka. Zima unachotazama, nenda mlangoni, mtazame mtu usoni ndipo umkaribishe, na akiaga mtoe mpaka barabarani hata kama kunanyesha. Mimi ningetoa miguu yote miwili kuirudia alasiri ile nikiwa nimesimama.

Ile jioni ya viti viwili nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikazunguka ua mpaka mlangoni kwake, nikapiga hodi tatu. Nikamweleza safari yote, basi, baiskeli, makaburi, kwaheri yangu ya haraka haraka, viti. Nikamuuliza nilipokosea. Alinitazama usoni, akatazama na nyuma ya bega langu, kisha akasema:

"Hukumsindikiza wewe. Ulikwenda kutembea tu, na yeye ndiye aliyekusindikiza mpaka kwako."