Maji Niliyoyakausha Kwenye Majani ya Vyura

Nilipomfuata mume wangu Johannesburg, aliporudi kwao baada ya miaka ya ukimbizi Tanzania, nilipata kazi ya kusafisha banda la vioo la mzee mmoja mfuga vyura wa sumu. Wa sumu! Siku ya kwanza nilivaa glovu mbilimbili. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba sumu yao hutokana na sisimizi na utitiri wanaowala misituni kwao, Amerika ya Kati na Kusini. Hawa wa kwake walizaliwa humo humo viooni, wakala nzi wadogo wa ndizi, basi hawana madhara.

Jamani, nilivyowapenda! Wengine wa manjano, wengine bluu iliyokoza, wengine weusi wenye michirizi ya kijani. Lakini roho yangu ilikuwa kwa wekundu wenye miguu ya bluu, wadogo kama ukucha wa kidole gumba. Mzee alikuwa amewangojea wazae kwa miaka, na sasa yai moja tu lilikuwa limeanguliwa.

Asubuhi moja nikaona maji yametuama pale majani ya mimea ya humo yanapoungana na shina. Mimi mtu wa Morogoro, niliyeugua malaria kila masika, niyaache? Thubutu! Nikayafyonza yote kwa sifongo, huku najisifu.

Baadaye Mzee akaniita kwa mkono. Mama chura alikuwa amembeba kiluwiluwi wake mgongoni.

"Anamtafutia maji," akaninong'oneza. "Asipoyapata, mtoto atakauka."

Mama akapanda jani la kwanza, akachungulia, akashuka. La pili. La tatu.

"Mzee, nimeyakausha mimi. Kwetu yanaleta mbu."

Akanipa chupa ya maji tu. Nikadondosha tone kwa tone kwenye jani la nne. Chura akashtuka, akaruka, akajificha. Eish! Nikajilaani. Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kisha akatokea, mtoto bado mgongoni. Akapanda, akaingia majini kinyumenyume, akatulia. Alipotoka mgongo ulikuwa mtupu, na majini kitu cheusi kikatikisa mkia.

Nikapiga vigelegele, vioo vikavuma! Mzee akafuta macho.

"Sasa atakuwa anarudi kumtagia mayai, ndiyo chakula cha mtoto," akasema.

"Na mimi, Mzee? Kesho nirudi?"

"Njoo mapema. Uhakikishe maji yapo kabla mama yake hajafika."