Kondoo Hainuliwi

Glenys Pruett hakuomba ruhusa ya mtu kuingia katika banda la kunyolea kondoo la shamba la Wirrabilla, na walipomwambia atoke hakuuliza mlango uko wapi. Namwandika kwa sababu magazeti yetu yana nafasi ya matajiri wa pamba waliokuja juzi kutumalizia maji ya mto, lakini mtu kama yeye atazikwa bila hata mstari mmoja.

Baba yake, Alby, alinyoa pamoja nami. Enzi hizo banda lilijaa watu, na mashine zikianza kunguruma sakafu nzima inatetemeka. Jioni tulibishana mambo ya chama chetu cha wanyoaji, na vitabu vya maktaba ya wafanyakazi vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Mimi nilijifunza kusoma kwa kuelewa huko, si shuleni. Siku hizi wanyoaji ni wachache, na jioni kila mmoja analala na simu yake usoni.

Alby alipofariki, Glenys alikuwa msichana wa kufagia manyoya. Alichukua mashine ya baba yake, akajifundisha kwa kondoo wenye vishada vya mavi ambao wengine waliwakwepa. Kwetu, mwanamke akikaribia banda, mtu alipiga kelele, "Bata bwawani!" ili wanaume waache matusi. Siku ya kwanza aliyoingia na mashine mkononi kelele ilipigwa kama kawaida. Glenys akasimama mlangoni, akasema, "Bata kafika. Endeleeni na matusi yenu, mimi nimekuja na yangu." Na kweli alikuja nayo. Nilijifunza mawili mapya siku ile, na sikuwa mtoto.

Akapata nafasi ya baba yake, ile ya dirishani, na akaishika miaka mingi. Miaka kadhaa hakuna mwanaume aliyemzidi.

Kisha bega likaanza. Mnyoaji huinama kutwa nzima, na ule mkono wa mashine hupiga mkupuo mrefu kutoka kiunoni mwa kondoo hadi masikioni, kondoo baada ya kondoo. Bega la kulia la Glenys likawa linasaga kama bawaba kavu. Aliposhindwa kuchana nywele alizinyoa kwa mashine ileile, akaja kazini hivyohivyo.

"Umenyolewa na nani, dada?" Kel Hanrahan alimchokoza. Kel ndiye mkandarasi anayetupangia kazi.

"Na mtu hodari kuliko wewe."

Picha za hospitali zilionyesha kano imechanika, si yote, lakini vibaya. Daktari wa upasuaji alitaka kuishona, kisha Glenys aage kunyoa. Na majira yaleyale Lachlan Stroud, kijana aliyerithi Wirrabilla, akatangaza kwamba baada ya unyoaji wa masika atauza kondoo wote wa sufu. Ataleta aina ile inayopukutisha manyoya yenyewe, isiyohitaji mnyoaji wala banda. Fikiria kondoo anayejivua koti lake na kulitupa porini. Wanaita hayo maendeleo.

Glenys alikuja kwangu na karatasi ya kliniki moja ya jijini. Ilikuwa na picha ya mzee mwenye meno mengi anayecheza tenisi.

"Mzee, wewe unasoma. Hizi seli shina ni kitu gani?"

Nilimweleza nilichokijua. Ni seli changa ambazo hazijachagua kazi, na mwilini zinaweza kugeuka kuwa gegedu au mfupa. Madaktari wanazitoa kwenye uboho wa nyonga yako mwenyewe au kwenye mafuta ya tumbo, wanazichuja na kuzidunga begani, kwa matumaini kwamba zitatuliza uvimbe na kusaidia kano ijiunge.

"Kwa matumaini," alisema.

"Neno ni lao. Wanaouza wanasema inaponya. Wanaochunguza wanasema bado hawajui. Huyu mwenye meno ni wa wanaouza."

Akaichana karatasi. "Basi nitafutie wanaochunguza. Nataka ninyoe Wirrabilla mara ya mwisho, pale dirishani. Nikishamaliza wanaweza kuukata huu mkono wakautia kwenye mchuzi."

Tukampata Daktari Mulvane, aliyekuwa akifanya utafiti wa matibabu hayo, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Hakuahidi kitu. Alisema wagonjwa wake wengine walipungukiwa maumivu, wengine hawakuona tofauti. Kabla ya sindano aliuliza, "Kazi yako inahitaji kuinua vitu vizito?"

"Hapana," Glenys alijibu. "Siinui kitu."

Mimi niliyempeleka kwa gari nilikuwa kiti cha pili, na nilitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amesema kweli tupu.

"Vizuri," daktari alisema. "Usiinue kitu kwa mkono huu mpaka nikuone tena. Mengine fanya taratibu."

Basi akadungwa, akarudi nyumbani, na Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye banda dogo la jirani akinyoa. Taratibu, kama alivyoagizwa. Mchana, akiwa anamvuta dume mmoja kutoka zizini, kitu kilikatika begani na mkono ukaning'inia.

Daktari Mulvane alipoona picha mpya alipandisha ile sauti yake ya upole. "Nilikuambia usiinue!"

"Sikuinua!"

"Ulikuwa unanyoa kondoo!"

"Ndiyo, lakini kondoo hainuliwi! Anayeinua kondoo ni mjinga, atavunjika mgongo kabla ya chai. Unamkalisha kitako, unamburuta."

"Unamburuta," daktari alirudia. "Ana uzito gani huyo?"

"Kama wewe. Ila yeye anapiga mateke."

Daktari alijifunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika, na mwanzoni nilidhani analia. Alipomaliza kucheka akasema hawezi kurudia sindano, taratibu za utafiti haziruhusu. Hakujua kama zile seli zilikuwa zimefanya kazi yoyote. Lililobaki ni kuufunga mkono, kuupumzisha kwelikweli, kisha mazoezi.

"Na kunyoa?" Glenys aliuliza.

"Ungekuwa dada yangu ningekukataza."

"Mimi si dada yako."

"Hilo nimeliona," alisema Mulvane.

Safari hii alipumzika, na kupumzika kulimtesa kuliko bega. Mkono ulipofunguliwa alifunga mpira wa kuvutia kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, akawa anauvuta huku akimtukana kila mtu aliyewahi kuishi. Majirani waliacha kupita upande ule. Majira ya baridi yakaisha, na siku moja akanionyesha kwamba anaweza kushika kikombe na kukipeleka mdomoni kwa mkono wa kulia bila kukunja uso. Ni seli, ni mapumziko, au ni yale matusi? Mimi sijui. Mulvane alikiri naye hajui, na kwa hilo namheshimu kuliko wote waliovaa koti jeupe.

Unyoaji wa masika ulipokaribia Kel alikuja nyumbani kwa Glenys. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nimekupa kazi ya mezani, dada. Kupanga manyoya. Dirishani nitamweka kijana mwenye nguvu."

"Mezani utanilaza nikishakufa."

"Utatuchelewesha."

"Tunachelewa kwenda wapi, Kel? Baada ya hapa kuna nini? Unakimbilia kondoo wanaojinyoa?"

Kel aliinuka kitini. Aliondoka bila kunywa chai yake.

Unyoaji ulipoanza Wirrabilla, Glenys akasimama palepale dirishani. Ule mkupuo mrefu alikuwa ameukata vipande viwili, na kondoo alimvuta kwa mkono wa kushoto, akimsukuma kwa goti. Alikuwa wa mwisho kila siku, mtu ambaye zamani alituacha sote nyuma. Vijana walimzomea kwa utani, "Bibi, huyo kondoo manyoya yameshaota tena!" Akajibu, "Ndiyo, na wewe ndevu bado." Hakuona haya hata kidogo, na hilo liliwakera kuliko chochote.

Siku ya kufunga, Stroud alikuja na simu yake kupiga picha. Nilikuwa kwenye jiwe la kunolea, kazi wanayoniachia siku hizi. Mazizi ya wengine yalikuwa matupu. Kwa Glenys alibaki kondoo mmoja, jike mwenye mikunjo shingoni, aina ngumu kuliko zote. Kengele ya kufunga kazi ilikaribia kulia. Kel alimpa ishara kijana wake hodari aingie amchukue, yaishe haraka mbele ya mwenye mali.

Sasa, sisi tuna sheria moja ambayo hakuna tajiri aliyeitunga. Kondoo uliyemshika kabla ya kengele ni wako. Utamnyoa hata jua lizame, na hakuna wa kukugusa.

Glenys alimwona kijana akianza kutembea. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule akikimbia kabla ya siku ile. Aliingia zizini kwa kishindo, akamkamata jike yule mguu, na kengele ikalia.

"Mama, inatosha," Stroud alisema. "Waachie wengine wamalizie, lori la kondoo linangoja."

"Mguu ulikuwa mkononi mwangu. Kel, ulikuwa au haukuwa?"

Banda zima lilimtazama Kel. Alikuna shingo, akamtazama tajiri, akatazama sakafu.

"Ulikuwa," alisema.

Basi tukangoja. Lori likazima injini. Stroud akashusha simu. Glenys alinyoa polepole, mkunjo kwa mkunjo, bila kumjeruhi mnyama hata mahali pamoja, na jasho likimdondoka puani. Alipomaliza alimsukuma jike yule mlangoni, akanyooka, akainua mkono wa kulia kuvuta kamba ya kuzimia mashine. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukakataa.

Kel alinyoosha wake.

"Toa mkono," Glenys alimwambia. "Tangu baba afe, mashine hii haijazimwa na mtu mwingine."

Akavuta kamba kwa mkono wa kushoto.