Matundu ya Risasi kwenye Bawa

Juzi nilikwenda Keko kuchukua kitanda changu, nikamkuta fundi seremala kainamia bawa la eropleni, keekee ya kutobolea mbao mkononi, jasho linamtiririka. Kando yake kasimama Mzungu mmoja; kaokota mabaki ya eropleni ya vita vya Mjerumani, anataka iruke tena vilevile ilivyokuwa, mbao ileile, gundi ileile. Fundi keshamuundia bawa jipya, limenyooka. Mzungu akalipapasa, akanuna.

"La zamani lilikuwa na matundu matatu ya risasi. Toboa."

"Bwana, nikitoboa ukaanguka, nitafungwa mie."

"Toboa! Lazima liwe kama zamani."

Fundi akanitazama. Mie nikatazama kitanda changu. Kisha akauliza kwa adabu, "Na yule aliyeirusha zamani, bwana, alishuka salama?"

"Hapana. Alikufa."

"Na hilo nalo tulirudie?"

Mzungu akashika ndevu, akafikiri kweli kweli. "Hilo tutalibadilisha."

"Basi tuanze kubadilisha kwenye matundu," fundi akasema, akaiweka keekee chini.

Mie shule sikukaa, lakini wapenda mambo ya kale nawajua: huyapenda yale yaliyompata mwenzao.