Babu Taipu Hapigi Tena Barua za Upole

Saa mbili asubuhi. Kwenye baraza ya ofisi ya kazi, mzee mmoja anafuta taipureta yake kwa kipande cha shati kuukuu. Hapa wanamwita Babu Taipu. Amewaandikia watu barua miaka thelathini na moja, na leo kanuna.

Mbele yake ameketi mkata vitambaa wa kiwandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Ameleta barua aliyoandikiwa na karani wa kiwanda. Yeye atie sahihi tu.

"'Nilipata ajali ndogo,'" Babu anasoma, kisha anaisukuma pembeni kama kitu kinachonuka. "Mama, vimekwenda vidole vingapi?"

"Viwili, babu."

"Na udogo uko wapi?"

Mama anacheka kidogo, halafu macho yanamjaa machozi. Anasema mashine iliondolewa kinga ili kazi iende mbio. Alimwambia msimamizi mara mbili.

"Mbona hayo hayamo?"

"Naogopa watakasirika."

"Vidole wameshachukua. Wakasirike nini tena?"

Zamani Babu naye aliandika kwa upole. Mkewe, mfagiaji wa ofisi, alianguka kwenye ngazi iliyojulikana kuwa mbovu. "Nikaandika 'alipatwa na bahati mbaya.' Nikajiona msomi kweli. Wakajibu mstari mmoja: poleni kwa bahati mbaya. Mpaka leo anatembelea fimbo. Mimi ndiye niliyewapa pa kujificha."

Tangu siku hiyo hagusi herufi kabla mteja hajasimulia kama alivyowasimulia wa nyumbani kwake. Kisha anapiga hivyo hivyo. Ya mama huyu inasema: Mashine mliyoitoa kinga ilinikata vidole viwili. Nadai haki yangu.

Mama anatia sahihi kwa mkono wa kushoto, anaingia ndani. Saa nne anatoka.

"Yule wa dirishani kaniambia nifute 'ilinikata,' niweke 'niliumia,' ndipo agonge muhuri," anasema. "Nikafungua bandeji. Nikamwambia, mwanangu, tazama, halafu uandike wewe."

Nakala yake ina muhuri.

Babu hatabasamu. Foleni ina watu wanne. Akiwamaliza, anasema, ataandika upya ile ya mkewe, iliyolala miaka tisa.

"Na itaanza na ngazi," anasema, akiingiza karatasi.