Jua Lenye Jembe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu, kule msituni juu ya mji wa Chaka, ambayo hainipi raha hadi leo. Nimeanza kuiandika mara kadhaa nikaacha, maana shule niliishia darasa la nne na sitaki kujifanya mwalimu. Lakini Jumapili, mlipogombana mezani wewe na baba yako mdogo juu ya hili joto, mliniuliza nasemaje, nami nikaomba chai. Basi jibu langu ni hili, kama ni jibu.

Baada ya uhuru, sisi vijana tusio na ardhi tulipewa vipande vya kulima ndani ya msitu, mahali palipokwisha katwa miti. Unapanda viazi vyako, na katikati ya viazi unatunza miche ya saipresi, miti ya mbao ya serikali. Miche ikikua na kuleta kivuli, viazi havizai tena, nawe unahama. Yaani ukiitunza vizuri, unajifukuza mwenyewe.

Jirani yangu Wambugu alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na pengine pa kwenda. Akipalilia, jembe lake lilipita chini kwa chini likakata mzizi. Mche hubaki umesimama, unanyauka polepole, na ukiuliza unaambiwa ni kiangazi. Nilimwona, nikaendelea na palizi yangu. Mimi pia nilikuwa nikiitazama miche yangu kwa jicho baya.

Ndipo msimamizi wa msitu, mzee mmoja kutoka magharibi mwa nchi tuliyemwita Foresta, akaja.

"Wambugu, hii miti imekufa kwa nini?"

"Ni jua, bwana. Si unaona vile imechoma hata ya jirani?"

Na kweli, mwaka huo jua lilikuwa kali. Mzee hakubishana. Alianza kwangu, akang'oa mche uliokauka, akaugeuza. Mzizi mzima. "Hii ni jua," akasema. Akaenda kwa Wambugu, akang'oa mmoja, akang'oa mwingine, kisha akamwinulia mzizi uliokatwa.

"Wambugu, jua ya kwako iko na jembe?"

Sisi majirani tuliokusanyika tulicheka. Wambugu hakucheka.

"Bwana Foresta, ati mtoto wangu atakula saipresi?"

"Na akikua atakunywa nini? Hiyo mto ya hapo chini inatoka wapi, si kwa hii msitu?"

Wambugu alinyang'anywa shamba, akaenda kubeba magunia soko la Karatina. Mimi nilibaki hadi miti iliponifukuza. Miaka ikapita, na miti hiyo niliyoitunza ikakatwa yote na wenye mbao, malori yakishuka mchana kweupe. Nilipokutana na Wambugu sokoni alinitupia maneno: "Haya, Foresta wako yuko wapi sasa? Jua ikikuja na lori haiulizwi?"

Leo mto ule nauvuka kwa viatu bila kulowa. Theluji ya mlima wetu wa Kirinyaga, niliyozoea kuiona nikifungua mlango, imebaki viraka. Kahawa ya shangazi yako kule Gakindu inachanua wakati usio wake. Wewe unasema ni moshi wa viwanda na magari ya nchi kubwa, umeifunika dunia kama blanketi, na sisi tusio na viwanda ndio tunaumia. Nakuamini. Baba yako mdogo anasema kiangazi kilikuwepo tangu zamani. Naye si mwongo, maana mche wangu ulikufa na mzizi mzima. Ila kiangazi cha wakati ule kilikuja kikaenda. Hiki cha sasa kinakuja na mizigo yake, kama mtu anayehamia. Hapo ndipo namwacha ndugu yangu.

Neno langu, mwanangu: usiseme ni jua kabla hujang'oa mche ukatazama mzizi. Anza na shamba lako. Kisha nenda kwa jirani, na usikomee hapo kama tulivyokomea sisi. Fika hadi kwa mwenye lori. Na ukimkuta aliyekata kwa njaa, kabla hujamfukuza muulize mtoto wake atakula nini, halafu kaa usikie.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Akupe nyumba ambayo mlango wake unatazama mlima, na siku utakapomwinua mtoto wako begani umwonyeshe, kiwe kimebaki kitu cheupe cha kuonyesha.