Bawa la Musambi wa Gisozi

Kuna asubuhi moja bado inanikaa kichwani, mwanangu, na wewe unayetaka kufuga ndege musambi uani kwako, kaa hapa kidogo unisikilize. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa kushona, mdomo mrefu, hasira karibu. Shule sikuenda, kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye magazeti tuliyofungia vitambaa. Aliyenilea ni Fundi Shabani, mzee ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Mtu akimsema vibaya huyo mzee, mimi nilikuwa naruka kabla hajamaliza.

Tulikaa Gisozi, mlimani, na chini kulikuwa na igishanga, bonde la maji na mafunjo. Ile miezi Ulaya iko kwenye baridi na ndege wao wanakuja kwetu, Mwalimu Karoli alitupeleka huko kila Jumapili asubuhi: wababa, wamama, watoto. Anatuonyesha ndege wageni, halafu wa kwetu, misambi, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Mtaa mzima tulikubaliana: hakuna kukata mafunjo karibu na kiota, hakuna kumkamata musambi kumfanya pambo la nyumba, kama walivyozoea wakubwa wenye mali.

Fundi hakuweza kushuka. Miguu ilivimba. Kila Jumapili ananiuliza, "Umewaona? Wamecheza?" Halafu anasema taratibu, "Natamani nimwone mmoja karibu, kabla sijaondoka."

Sasa siku moja kule bondeni, Gaspari muuza maziwa akacheka mbele ya watu. "Nyinyi watu wa cherehani, ndege mnayemjua ni yule yuko juu ya pilau!"

"Rudia!"

"Juu ya pilau, na pilipili. Mwambie na Fundi wako."

Mwalimu akatutenganisha. Lakini nilipanda mlima nikiwaka. Fundi wangu anachekwa, na yeye anatamani kitu kimoja tu! Nikasema nitamletea mimi.

Nikasuka uzi wa viatu, nikatega pale pale Mwalimu alipotuonyesha. Jike likanasa. Nikalibeba ndani ya shuka mpaka uani, nikachukua mkasi mkubwa wa Fundi, nikakata manyoya ya bawa moja lisiruke. Nilikata haraka, moja kwa moja, kama nakata suti.

Fundi alikuwa amelala barazani. Nilidhani atafurahi. Akamtazama ndege, akautazama mkasi.

"Nani kakwambia nataka hivi?"

"Ulisema unataka kumwona karibu, Fundi."

"Nilisema kumwona. Wewe Musa, kitambaa ukikiharibu nakuwekea kiraka. Huyu nimwekee nini?"

Akajiinua, akaketi. Halafu akasema, "Lete hayo manyoya."

Mwanangu, siku mbili tulishinda pale. Mimi namshika ndege, yeye anachomeka kijiti chembamba ndani ya kila unyoya, anauunga na kishina kilichobaki bawani, anafunga na uzi. Tukamwachia. Akapiga bawa mara mbili, manyoya yote yakaanguka kwenye vumbi. Na juu yetu dume lake linazunguka, linaita. Fundi akageukia ukutani.

Mwalimu alikuja, hakunigombeza. Alisema tu manyoya yataota upya, tumtunze, tungoje. Nikamletea mahindi, nikamtafutia panzi, hata usingizi nilikosa. Lakini Jumapili iliyofuata bondeni watu walikuja wachache. "Kama huyu anayefuatana na Mwalimu kila Jumapili amechukua, mimi naogopa nini?" ndivyo walivyosema. Mafunjo yakakatwa. Misambi wawili wengine wakachukuliwa. Gaspari mwenyewe alikuja uani, akasimama na chupa zake za maziwa. "Yewe, Musa," akasema, "mimi nilikuwa natania tu." Nikaendelea kumwagia ndege mahindi.

Dume lilikuja kila asubuhi, mpaka mvua zikaisha, halafu halikuja tena. Jike lilikufa wakati wa kiangazi, manyoya mapya yamefika urefu wa kidole. Fundi alifariki kabla ya mwezi wa mfungo. Hakunisema tena, lakini hakuniuliza tena habari za bondeni.

Mwanangu, ukimpenda mtu, muulize anataka nini, usijibu kwa niaba yake. Akichekwa, mtetee, lakini hasira yako usiende kuimaliza kwa kiumbe ambaye hakukukosea. Na jambo ambalo mtaa umekubaliana, usilivunje hata kwa sababu nzuri. Watu hawataiona sababu yako, wataona umevunja, na wao watavunja. Mimi niliomba msamaha nyumba kwa nyumba. Bonde halikurudi kuwa kama zamani.

Nenda sasa. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, akuongezee siku, na mikono yako aibariki.