Safari za Kufuata Vifungo

Mama Koti hakuwa mchoyo. Chakula aligawa, nguo aligawa, na maneno ndiyo usiseme, aliyagawa hata kwa wasioyataka. Kitu kimoja tu alikibania, na aliyembania ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu alijifunza ushonaji kwenye kibanda cha dada yake. Alifundishwa kupima, kukata, kutia bitana. Lakini kila ilipofika hatua ya kuunga mikono ya koti, Mama Koti alikumbuka ghafla kwamba vifungo vimekwisha, akamtuma dukani. Aliporudi, koti lilikuwa limeshatundikwa, mabega yamekaa sawasawa. Mafundi mtaani walikuwa tele, ila mabega yale yalikuwa ya mtu mmoja, na ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Akimpa na mwenzake, yeye atabaki na nini? Hivyo ndivyo alivyojituliza.

Siku zikaenda, mdogo mtu akafungua kibanda chake mtaa wa pili. Haukupita muda, wateja wake wakaanza kumjia Mama Koti na makoti yaliyokunjamana begani. Aliyarekebisha, akapokea ujira, na kila mara nafsi ilimsuta. Alijiambia atamfundisha kesho, na kesho hiyo ikazeeka.

Asubuhi moja mdogo wake akaingia na cherehani yake imefungwa kwenye shuka. Akaiweka mezani, akamwomba dada yake ainunue. Ushonaji basi, amepata kibarua cha kufagia sokoni.

"Wewe dada ulinifundisha vizuri," alisema. "Ni mimi tu mzito. Mungu hakunipa mkono."

 Aibu ilimpanda Mama Koti mpaka masikio yakawaka. Angetukanwa ingekuwa nafuu, kuliko kushukuriwa.

Alishusha koti ambalo halijaungwa mikono, akaanza kumwonyesha bila kumtazama usoni. Mkono hukatwa mpana kidogo kuliko tundu lake. Juu hupitishwa uzi mlegevu, ukavutwa taratibu. Kisha kitambaa chenye maji na pasi ya moto, mpaka ile ziada inywee bila mkunjo. Ndipo unashona. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko safari ya dukani.

Mdogo mtu alilipapasa bega lile. Macho yake yakapanda kwenye rafu, kwenye makopo ya vifungo yaliyojaa pomoni.

"Kumbe havikuwa vimekwisha," alisema.

"Havikuwa vimekwisha, mdogo wangu. Nisamehe."

 Mdogo mtu alivuta kiti, akachukua mkono wa pili, akapitisha uzi, akapiga pasi, akashona. Kisha akaifunga tena cherehani yake, akaibeba, akatoka bila kuaga.

Mama Koti alilitundika koti dirishani penye mwanga. Alitazama bega lake, akatazama la mdogo wake, akatafuta tofauti kwa muda mrefu, asiione.